Ukimpa Ruhusa Umempa Nakala

Mwanangu, umekabidhiwa sanduku la barua pepe la ofisi nzima, na kuanzia sasa watu watakuja mlangoni kwako kila siku wakisema, "Na mimi niongeze." Kumwongeza mtu ni kazi ya dakika moja. Unafungua orodha ya ruhusa, unaandika jina, unachagua ngazi, umemaliza. Kwa wepesi huo kazi hii hudharauliwa, nami nataka tuizungumze kwa kirefu, hasa upande ambao mafunzo mengi huupita mbiombio: wafanyakazi wanaozibeba barua za ofisi kwenye laptopu na kwenda nazo mahali ambapo mtandao haupo.

Chukua mfano wa mradi wa visima wenye makao yake Kigoma mjini, na mafundi wake wametawanyika Kibondo, Kasulu na Kakonko. Kamati za maji za vijiji, ofisi za kata na wauza vipuri wote wanaandika kwenye anwani moja. Barua zinaingia kwenye sanduku la pamoja, na ndani yake kuna folda za maombi ya matengenezo, mikataba, malipo, malalamiko na utumishi. Asubuhi fundi yuko ofisini na laptopu yake inavuta kila kinachovutika. Mchana yuko barabarani. Siku zinazofuata yuko vijijini, simu inashika mnara kwa kubahatisha, bando analo lakini halimsaidii kitu, na barua anazisoma kutoka kwenye diski ya mashine iliyoko mapajani mwake.

Aliyeko ofisini, seva ndiyo inayomruhusu kila anapofungua barua. Mwondolee ruhusa saa nne, na baada ya muda mfupi hasomi tena. Huyu wa kijijini hana seva ya kumwuliza. Ameshachukua. Siku ulipompa ruhusa ulimpa nakala, na nakala hiyo haisikii amri yako mpaka laptopu irudi mtandaoni. Na hata ikirudi, usijiaminishe kwamba kilichokwisha kushuka kitafutika chenyewe. Yote nitakayokwambia yanatoka hapo.

Waliotengeneza mifumo hii walilijua jambo hili mapema. Mark Crispin alibuni IMAP, lugha ambayo programu ya barua huzungumza na seva, mwaka 1986, na Desemba 1994 akaandika waraka mfupi unaotaja namna tatu za kufanya kazi na barua zilizoko kwenye seva. Ya kwanza ni kuzishusha zote na kuzishughulikia kwenye mashine yako. Ya pili ni kubaki umeunganishwa na kufanya kila kitu kule kule kwenye seva. Ya tatu ndiyo ya fundi wetu: unaunganisha, unashusha nakala, unakata, unafanya kazi peke yako, kisha unaunganisha tena ili mabadiliko yako yapande. Microsoft nao, kwenye Outlook ya 2003, wakaleta utaratibu wa kufanya kazi muda wote kwenye nakala ya sanduku, inayokaa kwenye faili lenye kiishio cha .ost. Kuanzia Outlook ya 2010, folda za masanduku ya pamoja nazo huingia kwenye nakala hiyo bila mtumiaji kuomba, na faili likaruhusiwa kufika GB 50. Kwa hiyo fundi unayemfungulia sanduku zima hahitaji kuwa na nia yoyote mbaya ili aondoke na faili za utumishi. Programu inamfungashia yenyewe wakati anakunywa chai.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwanza kwamba una ruhusa za kusimamia. Ofisi nyingi nilizopita zina anwani ya pamoja yenye nywila moja inayojulikana na watu kumi, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukingoni mwa skrini. Hapo huna cha kumpa mtu wala cha kumnyima. Mbele ya seva wote ni mtu mmoja. Barua ikifutwa hujui nani kafuta, na mmoja akiacha kazi inabidi ubadilishe nywila na kuwazungukia wote waliobaki. Fundi aliyeko Kakonko hatajua imebadilishwa mpaka siku ana jambo la haraka, amepanda kilima kutafuta mnara, na seva inamkatalia. Desturi hiyo ivunje wiki yako ya kwanza. Kila mtu aingie kwa jina lake na nywila yake, kisha apewe ruhusa kwenye sanduku la pamoja. Hoja ya gharama haina uzito: katika Microsoft 365, sanduku la pamoja lisilozidi GB 50 halihitaji leseni yake lenyewe, ilimradi wanaolifungua wana leseni zao.

Sisi tuliolelewa kwenye masijala tuna jambo la kukurithisha. Faili lilipotoka rafuni, kadi ilibaki mahali pake: nani amelichukua, tarehe gani, limekwenda chumba gani. Faili lile lile halikuweza kuwa kwenye meza mbili, na pengo kwenye rafu lilikukumbusha kwamba kuna mtu unamdai. Barua pepe imeondoa pengo. Folda ya mikataba inaweza kuwa kwenye laptopu kumi na mbili katika wilaya tatu, na ukiitazama ofisini imejaa kama kawaida. Ndiyo maana nakuomba uwe na daftari, hata kama ni jedwali la kawaida kwenye kompyuta: jina la mtu, folda alizo nazo, mashine gani imezibeba, barua za kuanzia lini, ruhusa inaisha lini. Orodha ya ruhusa kwenye seva itakwambia nani anaruhusiwa leo. Ni daftari litakalokwambia nani amebeba nini.

Sasa tuje kwenye kugawa. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila mtumiaji na kila programu wapewe kiasi kile tu kinachotosha kufanya kazi yao, na tangu hapo kila anayesomea ulinzi wa kompyuta anafundishwa hivyo. Kwa mtu wa ofisini, ukizidisha kidogo bado unaweza kurekebisha kesho. Kwa msafiri, ulichozidisha kimeondoka na basi la alfajiri. Kwa hiyo pima kwa njia mbili: folda ngapi, na barua za muda gani. Fundi wa Kibondo anahitaji maombi ya Kibondo. Mikataba haimhusu, malipo hayamhusu, utumishi ndiyo kabisa. Na katika maombi yenyewe, ya miezi mitatu iliyopita yanamtosha kwa ziara nyingi. Outlook ina mahali pa kuchagua barua za muda gani zikae kwenye mashine, kuanzia siku chache hadi zote. Watu wengi hawajawahi kupafika. Gmail nayo, ikitumiwa bila mtandao, hukuuliza uweke siku 7, 30 au 90. Keti na fundi, mfungulie hapo, mweleze sababu. Laptopu itakuwa nyepesi, bando litapona, na hilo peke yake litamfanya akupende.

Hapa kuna mtego ambao nimeona vijana hodari wakinasa. Umegawanya folda ya maombi kwa wilaya, na ndani yake kuna Kibondo, Kasulu na Kakonko. Unampa fundi ruhusa kwenye Kibondo, na yeye anakwambia haoni kitu. Ni kweli haoni, kwa sababu kwenye Exchange, seva ya barua ya Microsoft, hawezi kuifikia folda ya ndani kama zile za juu yake hazionekani kwake, mpaka kwenye mzizi wa sanduku. Kijana mwenye haraka hutatua kwa kumpa ruhusa ya kusoma folda zote za juu, naye anafurahi, na wewe umemfungulia nyumba nzima ili afike chumbani kwake. Ipo alama ndogo kwenye dirisha la ruhusa inayoifanya folda ionekane tu, bila kusomeka. Weka hiyo kwenye mzizi na kwenye folda ya maombi, kisha kwenye Kibondo ndipo uweke ruhusa yenyewe.

Mtego wa pili ni ndugu yake. Folda mpya ikizaliwa hurithi ruhusa za folda mama kama zilivyo wakati ule. Ukibadilisha za mama baadaye, watoto waliokwisha kuzaliwa hawabadiliki. Unaweza kumwondoa mtu kwenye folda ya malalamiko ukalala usingizi, kumbe folda za ndani yake bado zinamtambua na laptopu yake inaendelea kuzishusha kila Ijumaa. Ukiondoa ruhusa juu, teremka uangalie moja moja mpaka chini. Na kila unapofungua orodha tazama mstari ulioandikwa Default, ule unaowahusu wote wa ofisi ambao hawakutajwa kwa jina. Ukikuta mstari huo umepewa kusoma, basi majina yote uliyoyapanga kwa uangalifu chini yake hayamzuii yeyote asiyetajwa.

Vilevile, usijaze orodha kwa majina ya watu. Unda makundi yanayofuata kazi, kama Mafundi Kibondo au Karani wa Maombi, uyape makundi ruhusa, kisha uwatie watu ndani. Fundi akihamishiwa Kasulu unamtoa kundi moja na kumwingiza jingine, badala ya kupekua folda arobaini ukitafuta jina lake. Faida nyingine ni kwamba ukimpa mtu ruhusa kamili ya sanduku kwa jina lake, Outlook hulifungua lenyewe kwenye mashine yake na kuanza kulishusha. Ukimpa kupitia kundi, halijifungui. Mpaka mkae pamoja mliongeze kwa mkono. Wengine huona hilo ni usumbufu. Mimi naliona ni nafasi ya kumpanga msafiri wako kabla hajaondoka.

Nimekwisha sema juu ya kusoma. Sasa kuna kuandika, kuhariri na kufuta, na hapo naomba unisikilize vizuri.

Ofisi moja, sitaitaja, fundi wake alikuwa vijijini na laptopu imejaa pomoni. Diski ndogo, mashine inakokota, kufungua barua moja ni kusubiri. Jioni alifungua folda ya maombi, akachagua barua zote za mwaka uliopita, akabonyeza kufuta. Kwa akili yake alikuwa anasafisha laptopu yake. Hakuwa na mtandao, kwa hiyo aliamini hagusi kitu chochote nje ya mashine ile. Ijumaa akarudi mjini, akaunganisha Wi-Fi ya ofisi, na laptopu ikaanza kuipelekea seva kazi yake yote ya wiki, kufuta kukiwemo. Karani wa maombi alikuwa anaitazama folda, na barua zikawa zinatoweka mbele ya macho yake, ukurasa kwa ukurasa, bila mtu kugusa kibodi yake. Walidhani wameingiliwa na wezi wa mtandao. Wakachomoa nyaya.

Barua zilipatikana, na mahali zilipopatikana pana mafunzo. Zilikuwa kwenye folda ya vilivyofutwa ya fundi mwenyewe. Kwa kawaida yake, Outlook humtupia mfutaji barua za sanduku la pamoja ndani ya takataka zake yeye. Ukizitafuta kwenye takataka za sanduku la pamoja huzioni, na watu wengi huishia kulia hapo. Ikitokea kwako, kamtafute kwanza aliyerudi safari karibuni, kwa upole, umwombe asimwage takataka zake. Akiwa ameshamwaga, bado kuna akiba kwenye seva. Kwa Exchange Online akiba hiyo hukaa siku 14 isipobadilishwa, na msimamizi anaweza kuipandisha hadi 30. Wewe ipandishe leo. Mafundi wako wanakaa nje muda mrefu, na hasara ya namna hii hujulikana kwa kuchelewa.

Fundi yule hakuwa mzembe. Alipewa ngazi ya mhariri, anayegusa vya wote, kwa sababu aliyempa aliona ndiyo inayopunguza maswali. Ngazi ya mwandishi ingemtosha kabisa: anasoma, anaongeza, anahariri na kufuta alichokiweka yeye tu. Maombi ya wanakijiji hakuyaweka yeye, kwa hiyo asingeweza kuyafuta hata angetaka. Kama ofisi yako inatumia seva ya IMAP, mathalani Dovecot au Cyrus, una kisu chenye makali zaidi. Kanuni za ruhusa za IMAP zilipoandikwa upya Desemba 2005, kufuta kulivunjwa vipande. Katika kanuni za 1997, kuiwekea barua alama ya kufutwa na kuiondoa kabisa vilikuwa chini ya herufi moja ya ruhusa. Sasa kila kimoja kina herufi yake, na kufuta folda yenyewe kuna herufi nyingine. Unaweza kumruhusu fundi aweke alama, na kazi ya kuondoa ukamwachia karani aliyeko Kigoma, anayeona folda nzima. Na umfundishe kila msafiri namna sahihi ya kupunguza mzigo, yaani kufupisha muda wa barua zinazowekwa kwenye mashine. Mtu hufuta kwa sababu hajaonyeshwa njia nyingine.

Kuna jambo la mikono miwili kwenye barua moja. Kamati ya kijijini imeandika kwamba pampu haitoi maji. Barua imeshuka kwenye laptopu ya fundi na kwenye laptopu ya msimamizi wake, wote wako nje, hakuna anayemwona mwenzake. Fundi anajibu kwamba atafika Jumatano. Msimamizi anajibu kwamba wasubiri vipuri mwezi ujao. Majibu yote mawili yanakaa kwenye visanduku vyao vya kutokea, na siku wanapopata mtandao yanaruka pamoja. Sasa wanakijiji wamekaa na barua mbili zenye muhuri wa ofisi moja. Vijana hudhani dawa ni alama za rangi au bendera: ukichukua barua, iweke rangi yako. Inafanya kazi kwa walio mtandaoni. Kwa walio nje, rangi hiyo nayo imesubiri kwenye laptopu pamoja na jibu. Alama ya kusomwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa kwenye sanduku la pamoja la Exchange ni moja kwa wote. Fundi akiisoma barua kijijini, siku anaporudi karani anaiona imesomwa na kudhani imeshughulikiwa.

Dawa niliyoiona ikisaidia ni kugawa kabla ya safari. Kila barua inayohusu wilaya ihamishiwe folda ya wilaya hiyo na mtu aliyeko ofisini, na folda hiyo iwe na mwenye kujibu mmoja tu. Msimamizi apewe kusoma. Akitaka kusema neno, amwandikie fundi, asiwaandikie wanakijiji. Kwa namna hiyo hata wakikaa wiki nzima bila kuonana, hakuna barua yenye wenyewe wawili. Na migongano itakayobaki, maana haiishi yote, Outlook huiweka kwenye folda ya matatizo ya usawazishaji ambayo wengi hawajawahi kuifungua. Humo utakuta yaliyogongana, yaliyoshindikana upande wa mashine na yaliyoshindikana upande wa seva. Fundi akirudi, ifungueni pamoja kabla hajaenda kula. Nimeona ripoti nzima ya ukaguzi wa visima ikilala humo, na mwenyewe anaapa kwamba aliituma.

Kutuma nako kuna ruhusa zake. Kutuma kwa jina la sanduku ni jambo moja: mpokeaji anaona anwani ya ofisi tu. Kutuma kwa niaba ni jambo jingine: mpokeaji anaona pia jina la aliyeandika. Mafundi wape ya pili. Mwanakijiji ajue nani amemwahidi. Halafu kumbuka kwamba seva huihukumu barua siku inapofika. Haijali iliandikwa lini. Fundi ameandika Jumanne akiwa na ruhusa, wewe umepanga upya makundi Alhamisi, na Jumamosi anapopata mtandao seva inamrudishia barua yake na ujumbe wa kukataa. Yeye anaona ameonewa, na ana haki ya kuona hivyo. Kwa hiyo mabadiliko ya ruhusa za wasafiri yafanye wakati wapo mjini, wamekwisha kusawazisha. Ukilazimika kufanya wakiwa nje, mpigie simu au mwachie ujumbe mfupi. Ujumbe wa maneno hupita hata pale ambapo intaneti haipiti. Na nakala ya barua iliyotumwa, usisahau, kwa kawaida hubaki kwenye vilivyotumwa vya fundi mwenyewe. Upo mpangilio wa kuifanya ibaki pia kwenye sanduku la pamoja. Uwashe, la sivyo nusu ya mazungumzo ya ofisi yatakuwa kwenye laptopu zinazosafiri.

Usidhani haya ni ya vijijini tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazotegemewa na pwani yetu, EASSy na SEACOM, zilikatika, na watu wenye ofisi za ghorofa Dar es Salaam wakajikuta wako kama fundi wa Kakonko: wanafanya kazi kwenye nakala na kusubiri. Ukishapanga ruhusa kwa kumfikiria aliye mbali, umempangia kila mtu.

Mashine yenyewe sitaizungumzia sana, ni jambo fupi. Diski isimbwe, kwa BitLocker au chochote kinachokuja na mfumo wa mashine, kwa sababu nywila ya kuingilia Windows peke yake haimzuii mwizi anayeitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Amri ya kufuta kwa mbali ni nzuri, nayo pia inasubiri mashine iingie mtandaoni, na mwizi mwerevu haiingizi. Na barua hizi zina majina ya watu, namba zao za simu, malalamiko yao, wakati mwingine maradhi ya watoto wao waliokunywa maji machafu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Laptopu ikipotea, swali la kwanza utakaloulizwa ni kulikuwa na taarifa za nani ndani yake. Mwenye daftari atajibu. Asiye nalo atakisia.

Mtu anapoacha kazi, wengi humwondoa kwenye orodha siku ya mwisho na kuona wamemaliza. Kwa msafiri geuza mpangilio. Kwanza mashine ije ofisini, iunganishwe, imalize kupandisha alicho nacho. Humo kuna majibu ya wiki ya mwisho ambayo hayapo mahali pengine popote. Angalia kisanduku cha kutokea kiwe kitupu. Kisha ondoa ruhusa, kisha futa wasifu wake na faili la nakala kwenye mashine, yeye mwenyewe akiwepo, ndipo ufute mstari wake kwenye daftari. Ukianza kwa kuondoa ruhusa, yale ya wiki ya mwisho yatakwama kwenye laptopu na hutakuwa na njia nzuri ya kuyapandisha. Kwa anayeondoka kwa ugomvi utaratibu huu hauwezekani. Hapo ondoa ruhusa mara moja, kisha umwarifu mkuu wa kitengo kwa maandishi ni folda zipi bado ziko mikononi mwa mtu yule, bila kuficha.

Mafundi wenyewe usiwaache nje ya mazungumzo haya. Mtu akipunguziwa ruhusa bila kuelezwa huona ameshukiwa, na aliyeshukiwa hutafuta njia ya panya: anajitumia barua kwenye anwani yake binafsi, anapiga picha skrini, anaziweka kwenye kundi la WhatsApp. Hapo umepoteza zaidi ya ulichokuwa unakilinda. Mwambie wazi kwamba laptopu ikiibwa kwenye basi, yeye ndiye wa kwanza kuhojiwa, na kwamba folda asiyokuwa nayo hataulizwa habari zake. Wengi nimeona wakishukuru. Na kama fundi anasema folda fulani anaihitaji kweli, mpe sikio. Yeye ndiye anayesimama mbele ya kisima kilichokauka, na wewe uko kwenye kiti. Mwongeze, weka tarehe ya mwisho, andika.

Atakayekusumbua ni mkubwa. Mkurugenzi atataka kuona folda zote, za utumishi zikiwemo, kwenye laptopu yake, na mkurugenzi ndiye anayesafiri kuliko fundi yeyote: leo Dodoma, kesho Dar es Salaam, keshokutwa yuko angani. Usimkatalie kwa ukali wala usimwonyeshe kwamba haaminiki. Msalimie, mwombe dakika tano, mweleze kwamba anachotaka ni kuona, na kuona kunawezekana kupitia kivinjari kila anapokuwa na mtandao, bila nakala ya mishahara ya watu kulala kwenye mashine inayopita viwanja vya ndege. Wengi wataridhika. Akisema hana hakika ya mtandao huko aendako, mshauri achague folda mbili au tatu za safari ile, kwa kusoma tu, barua za mwezi mmoja, na umweleze kwamba zitaondolewa akirudi. Akikataa yote mawili, mpe anachotaka, ofisi ni yake; lakini mwandike kwenye daftari kama ulivyomwandika fundi wa Kibondo, jina, folda, mashine na tarehe, na umwombe atie sahihi.